Kutoka Tanga hadi Guangzhou: Moja kwa Moja, kwa Addis Ababa, kwa Ghuba au kwa Mombasa?

Mfanyabiashara wa Tanga anayejiandaa kwenda Guangzhou kufuata taa, vigae, nguo au vipuri vya pikipiki huanza kwa kuuliza bei ya tiketi, kisha huuliza atakaa angani saa ngapi. Maswali hayo ni ya msingi, lakini hayatoshi kumfikisha kwenye uamuzi, kwa sababu njia nne zilizo mbele yake hazipishani sana kwa saa za kuruka. Zinapishana kwa saa za kusubiri, kwa barabara ya kumtoa Tanga mpaka kiwanjani, na kwa namna zinavyoupokea mzigo wake anaporudi. Makala hii inaziweka njia hizo pamoja kwa vigezo vilevile, ili kila msomaji aone ipi inaendana na safari yake.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni muda wa safari nzima, kuanzia mtu anapofunga mlango wake Chumbageni au Usagara mpaka anapofika hotelini Guangzhou. Cha pili ni ratiba, yaani ndege zinaondoka siku ngapi kwa wiki na nini kinatokea moja ikiahirishwa. Cha tatu ni mzigo, hasa wa kurudi nao. Cha nne ni unganisho: je, safari nzima iko kwenye tiketi moja, na mahali pa kusubiri pakoje? Bei nimeiweka mwisho kwa makusudi. Si kwamba haina uzito, bali hubadilika kila wiki, na takwimu yoyote itakayoandikwa hapa itakuwa imepitwa na wakati kabla msomaji hajaitumia. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba tiketi hupanda kuelekea maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, yakianza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba.

Kilomita na saa za kuruka

Mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia kati ya Dar es Salaam na Guangzhou una kilomita zipatazo 8,700. Mstari huo hukatiza Bahari ya Hindi, hufika kusini mwa India karibu na nusu ya safari, kisha huvuka Ghuba ya Bengal na kuingia Asia ya Kusini-Mashariki. Njia nyingine hupinda, lakini si kwa kiasi ambacho wengi hudhani wanapotazama ramani ya ukutani. Jedwali hili linatoa makadirio ya umbali na muda wa kwenda.

| Njia | Umbali wa angani | Saa za kuruka |
|---|---|---|
| Dar es Salaam – Guangzhou | km 8,700 | 10½ hadi 11 |
| Dar es Salaam – Addis Ababa – Guangzhou | km 9,800 (1,760 + 8,040) | karibu 13 |
| Dar es Salaam – Dubai – Guangzhou | km 9,800 (3,980 + 5,830) | karibu 13 |
| Dar es Salaam – Doha – Guangzhou | km 10,000 (3,820 + 6,200) | 13 hadi 14 |
| Mombasa – Addis Ababa – Guangzhou | km 9,500 (1,450 + 8,040) | 12 hadi 13 |

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Addis Ababa na Dubai zinalingana kwa jumla ya kilomita, ingawa moja inaonekana iko njiani na nyingine inaonekana imezunguka. Aliyezoea kusema kwamba Uarabuni ni kurudi nyuma hana hoja ya umbali. Anayo hoja nyingine, tutakayoifikia. Hata mzunguko wa Doha unaongeza kilomita 1,300 tu juu ya njia iliyonyooka, ambazo ni kama saa moja na nusu ya kuruka, ukiacha kutua na kupaa mara ya pili.

Kurudi ni polepole kuliko kwenda. Katika anga za juu pepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa kali zaidi kati ya Desemba na Machi katika latitudo za kaskazini mwa India na kusini mwa China. Ndege ya Guangzhou kwenda Doha au Dubai hupita humo humo, hivyo inaweza kuchelewa kwa saa moja au zaidi kuliko ilivyochukua kwenda. Njia ya moja kwa moja hukaa sehemu kubwa karibu na ikweta, kwa hiyo upepo huo huiathiri kwa kiasi kidogo.

Kabla ya kulinganisha, soma saa za tiketi

Wengi hupotelea hapa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana napatulia zaidi. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali ndege ilipo, kwa mfumo wa saa ishirini na nne. China yote, pamoja na upana wake, hutumia saa moja iliyo mbele ya yetu kwa saa tano. Addis Ababa na Doha ziko sawa na Tanga. Dubai iko mbele kwa saa moja. Kwa mfano, ndege ikiondoka Dar es Salaam saa saba mchana na kuruka saa kumi na moja, nyumbani itakuwa saa sita usiku, lakini tiketi itaonyesha kufika saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili. Wakati wa kurudi hesabu hugeuka: ikiondoka Guangzhou saa nne asubuhi na kutua Dar es Salaam saa kumi jioni ya siku hiyohiyo, tiketi itaonekana kama ya saa sita, kumbe ni saa kumi na moja zilezile. Anayelinganisha tiketi mbili kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, bila kuzipunguza au kuziongeza hizo tano, analinganisha vitu visivyolingana.

Kuna mtego mwingine ulio mkubwa zaidi. Tiketi ikiandika tarehe 12, 00:35, maana yake ni saa sita na dakika thelathini na tano za usiku wa kuamkia tarehe 12. Abiria anapaswa kuwa kiwanjani tarehe 11 usiku, baada ya kula chakula chake cha jioni. Atakayefika tarehe 12 usiku atakuta ndege yake imeshafika China. Kwa mtu wa Tanga kosa hilo lina uzito wa ziada, kwa sababu basi lake la kuja Dar es Salaam lilitakiwa kuondoka kituo cha Kange asubuhi ya tarehe 11.

Njia ya kwanza: moja kwa moja kutoka Dar es Salaam

Air Tanzania huruka Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa Boeing 787-8, aina ambayo shirika lilipokea ya kwanza mwaka 2018, yenye viti 262. Kwa saa za angani hakuna njia inayoishinda. Hesabu ya safari nzima, hata hivyo, huanzia Tanga. Kwa barabara ni kilomita zipatazo 350 kupitia Muheza, Segera, Mkata na daraja la Wami, ambazo basi huzimaliza kwa saa sita hivi mambo yakienda vizuri. Kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mpaka Jengo la Tatu la kiwanja cha Julius Nyerere, foleni inaweza kula saa moja au mbili. Ukiongeza saa tatu za kuwahi kiwanjani, saa kumi na moja za kuruka, na mbili za uhamiaji na usafiri wa mjini, jumla ni kati ya saa ishirini na tatu na ishirini na nne. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya safari hufanyika ardhini.

Ndege ndogo za Tanga kwenda Dar es Salaam hufupisha kipande hicho sana, kwa kuwa angani ni kama kilomita 200 tu. Zina shida moja: kikomo cha mzigo kwa kawaida ni kilo 15. Kwa kwenda, ukiwa na begi la nguo tatu, zinafaa. Kwa kurudi ukiwa na mabegi mawili yaliyojaa sampuli, hazifai.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye ratiba. Ndege za moja kwa moja haziondoki kila siku, na shirika lenye ndege chache za masafa marefu halina ya akiba ya kuleta haraka pale moja inapoingia matengenezoni. Abiria aliyeahirishiwa safari hana ndege nyingine ya shirika hilo saa nne baadaye, husubiri siku. Kama una miadi ya kiwandani yenye tarehe isiyosogea, ondoka mapema kuliko ile ndege ya mwisho inayokubaliana na miadi hiyo.

Kwa upande wa mzigo na unganisho, njia hii ni nyepesi. Begi halibadilishwi ndege popote, hivyo hakuna nafasi ya kubaki katikati. Inamfaa anayesafiri kwa mara ya kwanza, mzee, mama mwenye mtoto, na yeyote asiyependa kuhangaika na mabango ya viwanja vikubwa.

Njia ya pili: kwa Addis Ababa

Ethiopian Airlines huwa na safari nyingi zaidi kwa wiki, na hilo ndilo linalowavuta wafanyabiashara waliozoea. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kama saa tatu kasoro, na kutoka hapo hadi Guangzhou ni saa kumi hivi. Ndege nyingi za Asia huondoka Addis usiku, kwa hiyo kinachoamua muda wako ni saa uliyotua pale. Ukitua jioni utasubiri saa tatu au nne. Ukitua mchana unaweza kusubiri maradufu. Safari nzima kutoka Tanga hukaribia saa thelathini.

Kiwanja cha Addis Ababa, yaani Bole, kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani anayeshuka pale usiku akiwa na shati la mikono mifupi atajuta, kwa hiyo sweta liwe kwenye begi la mkononi na si kwenye lile lililopakiwa. Jambo dogo la kupendeza ni kwamba Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, na mhudumu akikuambia saa tatu huenda anamaanisha saa tatu yako. Mabango ya kiwanja, hata hivyo, hufuata mfumo wa tiketi.

Mzigo katika njia za Afrika kwenda Asia huhesabiwa kwa vipande katika mashirika mengi, na kipande cha daraja la kawaida hakitakiwi kuzidi kilo 23. Mwenye kilo 46 kwenye begi moja hana haki sawa na mwenye mabegi mawili ya kilo 23, kwa kuwa kipande kinachozidi kilo 32 kwa kawaida hakipokelewi kabisa. Idadi ya vipande hutofautiana kwa aina ya tiketi, hata ndani ya shirika moja, kwa hiyo isomwe kwenye tiketi yenyewe na si kwenye maneno ya aliyesafiri mwaka jana.

Pale kaunta, mhudumu atauliza, “Begi linakwenda mpaka wapi, dada?” Jibu ni Guangzhou, na baada ya kujibu tazama karatasi iliyofungwa kwenye mpini. Herufi kubwa ziwe CAN, alama ya kiwanja cha Guangzhou. Zikiwa ADD, begi lako litashukia Addis Ababa na kuzunguka pale bila mwenyewe, na ni rahisi kulirekebisha hapo kaunta kuliko kulitafuta kutoka China.

Njia hii inamfaa anayehitaji uhuru wa kuchagua siku, na anayeendelea mbele ya Guangzhou. Shirika hilo hufika Shanghai pia, na kwa mwenye shughuli Yiwu, mji wa masoko ya jumla, kushukia Shanghai na kupanda treni ya mwendo kasi ni nafuu ya muda kuliko kushukia Guangzhou.

Njia ya tatu: kwa Doha au Dubai

Hapa safari imegawanyika kwa vipande vinavyokaribia kulingana, saa tano na nusu au sita kisha saba au nane, na kwa baadhi ya watu hilo ni bora kuliko kukaa kitini saa kumi na moja mfululizo. Wenye maumivu ya mgongo, na wale ambao miguu huvimba, walifikirie hilo kwa uzito. Muda wa kusubiri ndio unaotofautiana kupita kiasi. Nimeona tiketi zenye unganisho la saa mbili na nyingine za shirika hilohilo, siku hiyohiyo, zenye saa kumi na tano, na ile ya saa kumi na tano ndiyo iliyokuwa na bei rahisi. Safari nzima kutoka Tanga inaweza kuwa saa ishirini na tisa au ikapita arobaini.

Viwanja vyenyewe ni vikubwa, vina misikiti na mahali pa kujinyoosha, na chakula ndani ya ndege za mashirika ya huko ni halali bila kuomba. Kwenye mashirika mengine chakula cha Kiislamu huagizwa mapema, kwa kawaida si chini ya saa ishirini na nne kabla ya safari, na kwenye nafasi yako huonekana kwa herufi MOML. Wakala akisahau kuziweka, utakula mkate na matunda.

Dubai ina mvuto wa pekee kwa anayetaka kupitia masoko ya Deira kabla au baada ya China. Mtanzania huhitaji viza kutoka nje ya kiwanja, na tiketi yenye kusimama siku mbili si sawa na ya kupita tu. Hilo lipangwe tangu kununua. Mashirika ya Ghuba nayo hufika Shanghai, na kwa wingi wa ndege zao, anayekosa unganisho hupelekwa na inayofuata pasipo kukaa siku nyingi. Kasoro ya kweli ya njia hii iko kwenye marejeo ya miezi ya Desemba hadi Machi, pale upepo wa mbele unaporefusha kipande cha kwanza na kuufanya mwendo uchoshe.

Njia ya nne: kwa Mombasa

Mawakala wa Dar es Salaam hawaitaji njia hii, na hawana sababu ya kuitaja. Kwa mtu wa Tanga inastahili kutazamwa. Mombasa iko karibu kilomita 180, takriban nusu ya umbali wa kwenda Dar es Salaam, kwa lami mpaka Horohoro na kuendelea upande wa pili kupitia Lunga Lunga. Ethiopian Airlines huruka kutoka Mombasa kwenda Addis Ababa, na huko utaungana na ndege ileile ya Guangzhou ambayo mwenzako aliyepitia Dar es Salaam anaisubiri. Barabara ya Dongo Kundu humwezesha anayetoka kusini kufika upande wa kiwanja cha Moi bila kupanga foleni ya kivuko cha Likoni, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikivunja hesabu.

Saa nne au tano za barabara pamoja na mpaka, tatu za kiwanjani, kumi na mbili au tatu za kuruka, na mbili za Guangzhou hufanya saa ishirini na mbili hivi kabla ya kuhesabu kusubiri Addis. Kwa unganisho zuri, njia hii hukaribia ile ya moja kwa moja. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, kwa kuwa ataulizwa anaporudi.

Tatizo lake ni mzigo wa kurudi. Bidhaa za biashara zinazotua Mombasa zinapita mikononi mwa forodha za nchi mbili kabla ya kufika Tanga, na mfuko wa simu hamsini utahitaji maelezo marefu mara mbili. Anayekwenda kukagua kiwanda, kulipia kontena na kurudi na begi lake la nguo hatasumbuka. Anayerudi na bidhaa aiache njia hii.

Kuna jambo la kukataa hapa na kwenye njia zote. Wakati mwingine wakala hutoa bei ya chini kwa kuunga tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu nawe, na begi utalichukua katikati na kulipakia upya, pengine ukihitaji viza ya kutoka nje. Bila kuuliza kama namba ya kuweka nafasi (booking) ni moja kwa safari nzima, utakuwa umenunua mbuzi kwenye gunia.

Kwa hali yako

Ikiwa ni safari yako ya kwanza, au unasindikizana na mzazi, na tarehe zako zinaweza kusogea kwa siku mbili tatu, ndege ya moja kwa moja itakupunguzia mengi ya kufikiria. Fika Dar es Salaam siku moja kabla, hasa kwa maonyesho ya Aprili, kwa sababu yanaangukia masika na hakuna anayeweza kukuahidi saa sita za barabara mvua ikishakolea.

Ikiwa tarehe zako zimefungwa na kiwanda, au unakwenda Yiwu, linganisha Addis Ababa na Ghuba kwa kutazama jambo moja tu, yaani saa za kusubiri kwenda na kurudi. Tofauti ndogo ya bei ikikununulia saa nane za kutokaa kwenye kiti cha chuma, ilipe. Ikiwa umri au afya haikuruhusu kukaa muda mrefu, Doha au Dubai inakupa mapumziko katikati kabisa ya safari.

Ikiwa unasafiri mtupu na kurudi mtupu, uliza bei ya kutoka Mombasa kabla hujalipia ya Dar es Salaam. Wa Bagamoyo hawana haja ya swali hilo, kwa kuwa Dar es Salaam iko jirani yao. Kwa wa Lushoto na Korogwe kuna njia ambayo haikuingia kwenye ulinganisho huu: kiwanja cha Kilimanjaro, ambako ndege za Addis Ababa na za Doha hutua pia, na ambako basi la kwenda Moshi na Arusha linalopita Mombo kila asubuhi litakushusha njia panda ya kuingilia kiwanjani.